Kitabu Tulichokata kwa Makasi ya Mama Shiro

Nyinyi vijana mnaotaka kukaa mbele ya maiki mkihukumu kazi za watu, sinema ya huyu na mchoro wa yule, swali la kwanza ningewauliza ni hili: unajua kuwasha jenereta? Mimi huo ndio mlango niliingilia. Hakuna mtu aliniita kwa sababu ya akili. Niliitwa kwa sababu stima ilipotea.

Steshoni yetu ilikuwa juu ya duka la mbolea hapa Eldoret, vyumba viwili na choo kimoja cha kubembeleza. Mimi Barasa nilikuwa mtu wa jenereta. Shule nilifika Form Two, term ya kwanza, halafu mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Sasa kila Jumamosi saa nne asubuhi kulikuwa na kipindi cha watu watatu, wanaongea juu ya vitu vipya: vitabu, sinema, michezo ya kuigiza, michoro. Siku moja yule mtu wa tatu, msomi mmoja wa miwani mbili, hakutokea. Mwalimu Cheruiyot, ndiye alikuwa anaongoza kipindi, akachungulia nje akaniona nimeshika jerikeni.

"Barasa, si juzi ulisema uliona hiyo sinema ya harusi?"

"Niliona nusu, Mwalimu. Stima ilipotea."

"Nusu inatosha. Nawa mkono uingie."

Nikaingia, na sikutoka mpaka juzi nilipostaafu. Yule msomi aliporudi wiki iliyofuata alipata nimeshapasha kiti joto.

Wacha niwaambie hawa wenzangu wawili ni nani, ndio mkijua makosa yangu mjue pia nani alikuwa anayaona.

Mwalimu Cheruiyot alifundisha primary mpaka akazeeka. Alikuwa anatoka kwake Chepsaita kila Jumamosi na kofia moja na thamosi moja. Huyu ndiye alinifundisha kazi. Nikiingia siku za kwanza nilikuwa naanza tu: "Mimi nafikiria hii sinema ni mbaya sana." Anazima maiki yangu. Ananiambia polepole, "Kwanza niambie umeona nini. Baadaye ndio utaniambia umefikiria nini. Wewe unaanza na kufikiria na vifaa huna." Hiyo andikeni pahali. Msikilizaji yuko jikoni anakata sukuma wiki, hajaona hiyo sinema, na pengine hataiona. Mwambie mtu alivaa nini, alisema nini, mlango ulifunguka vipi. Ukimaliza hapo, atajifikiria mwenyewe.

Mama Shiro alikuwa fundi wa nguo. Ndiye alikuwa anashona mavazi ya drama ya shule zote za huku, kwa hivyo mchezo wa kuigiza aliujulia nyuma ya pazia. Wewe ukiona mfalme kwa jukwaa unatetemeka. Yeye anaona pindo imeachana. Na mdomo wake ulikuwa mkali kama makasi yake, ila yeye hakuwa anakata mtu ovyo, alikuwa anapima kwanza.

Makosa yangu yangejaza gunia. Kuna siku tulienda kuona michoro ya kijana mmoja, mikubwa, ya rangi ya mafuta. Nikatembea nikishangaa, nikarudi nyuma kidogo ndio nione vizuri, vile nilikuwa nimeona wasomi wanafanya. Jumamosi nikashika maiki. Nikasema, "Msanii amechora ng'ombe bila miguu. Anatuonyesha mkulima wa leo vile amebaki hana pa kusimamia." Nikaona Mwalimu ananiangalia na heshima. Mara ya kwanza. Nikaendelea dakika tano nzima juu ya hiyo miguu, nikaingiza bei ya mbolea, nikaingiza serikali.

Mama Shiro akangoja mpaka nikamaliza. Halafu akasema, laivu kabisa, "Barasa, geuka."

Nikageuka.

"Wasikilizaji, miguu ya ng'ombe imepatikana. Iko kwa koti ya Barasa, mgongoni, yote minne."

Rangi ya mafuta haikauki haraka. Hiyo pia andikeni.

Sasa nifike kwa ile kitu nilikuwa nataka kuwaambia, ya kitabu.

Shida yetu kubwa ilikuwa hivi: mtu akileta kitabu kipya analeta kimoja, na sisi tuko watatu, na kipindi ni kila wiki. Mwalimu alikuwa anakaa nacho siku sita, Mama Shiro anapewa Ijumaa jioni, mimi nakiona Jumamosi asubuhi kikiwa kwa meza, nasoma jalada. Disemba ile ya uchaguzi wa 2007, mzee mmoja wa Kiplombe akatuletea riwaya yake. Alikuwa amechapisha nakala chache akaziweka kwa duka moja hapa mjini. Ilikuwa juu ya mtu anaitwa Lagat na punda wake wa kubeba maziwa. Mama Shiro akaona vile tunavutana, akasema, "Lakini mnateseka kwa nini? Hii ni kama kitambaa tu."

Akatoa futi yake ya kushonea. Akapima unene wa kitabu, akatia alama na chaki mara mbili, akachukua makasi. Mwalimu akafunga macho. Amefundisha watoto maisha yake yote wasikunje hata kona ya ukurasa. Lakini hakumzuia, kwa sababu na yeye alikuwa amechoka kunisikia nikichambua majalada.

Tukapata vipande vitatu. Mwanzo ni wa Mwalimu, katikati ni ya Mama Shiro, mwisho ni wangu. Kila mtu asome chake, tukutane kwa maiki, kila mmoja aeleze yake, kitabu kirudi kuwa kimoja masikioni mwa watu. Mpango safi. Shida ni kwamba Mama Shiro alipima kwa futi, hakupima kwa sura. Kile kipande chake kiliishia katikati ya sentensi. Iliishia hivi, najua kwa sababu nilikuja kuambiwa na watu wengi: "Lagat akafungua mlango, akaona". Basi. Chenye aliona kilikuwa kwangu.

Halafu tukapiga kura, watu wakakosana juu ya matokeo, na ikawa vile ilikuwa.

Wengine wenu mlikuwa mnanyonya. Sitawaeleza yote, kuna wenye wameyaeleza vizuri na kuna wenye wangenyamaza tu. Nyumba ya Mama Shiro iliungua. Cherehani yake ilikuwa ndani. Alitoka na watoto wake wawili, makasi, na mkoba, akaenda kule shoo-graundi pahali watu walikuwa wamewekewa mahema. Mwalimu alikuwa amefungiwa Chepsaita, barabara imejaa mawe na miti. Ile duka ya mjini yenye ilikuwa na nakala za kitabu ikaenda na moto. Mzee mwenye kuandika akakimbilia kwa binti yake Kitale, simu ukipiga hashiki. Steshoni ikawa inapiga nyimbo za kanisa asubuhi mpaka jioni.

Na mimi nilikuwa kwa nyumba yangu Kapsoya, mlango umefungwa, mafuta ya taa yameisha, unga uko. Kuna jiko, kuna makaa, hakuna kitu cha kuwashia. Mnajua tayari nitasema nini.

Nilijitetea moyoni. Nikasema, nitasoma kila ukurasa kabla nichome. Nikaanza na ule wa nyuma kabisa, nikausoma kwa heshima. Ulikuwa wa shukrani. Mzee anashukuru mke wake, anashukuru kanisa lake, na anashukuru sana daktari wa mifugo. Nikauchoma. Huo wa pili nilisoma nusu. Kutoka hapo njaa ikawa inasoma haraka kuliko mimi. Siku ya tatu nilikuwa nimekula ugali tano na mwisho wote wa riwaya.

Mji na barabara zilipoanza kufunguka, steshoni ikarudisha vipindi, nikaenda kumtafuta Mama Shiro kule kwa mahema. Nilikuwa nimebeba kabeji na maneno ya pole, nimeyapanga vizuri. Nafika kwa bomba ya maji, nauliza wamama, "Mama Shiro fundi yuko wapi?" Mmoja akanishika mkono. "Wewe unaitwa nani?"

"Barasa. Wa redio."

Akageuka akaita wengine. "Kujeni. Mwisho amefika."

Kumbe Mama Shiro alikuwa amesomea watu kile kipande chake. Jioni moja alianza kusomea watoto wake, hema ya jirani ikasogea, ikasogea nyingine. Alikuwa ameshakisoma mara tatu. Na kila mara kinakatika kwa ule mlango. Watu hawakuwa na nyumba, hawakuwa na blanketi ya kutosha, na juu ya hiyo hawakujua Lagat aliona nini. Jina langu huko lilikuwa Mwisho. Mzee mmoja ananiuliza akiwa ameketi juu ya jerikeni, "Kijana, niambie mimi peke yangu. Aliona nini?"

Hapo ndio mahali pa kusema ukweli, vijana. Palikuwa wazi, pana. Nikapapita. Nikasema, "Itasemwa Jumamosi kwa redio."

Mama Shiro alikuwa amekonda. Akapokea kabeji, akaniangalia juu mpaka chini.

"Umenenepa," akasema.

"Ni ugali tupu."

"Barasa, sikia. Dada yangu wa Nyahururu ameniambia niende, ako na chumba. Mimi naenda. Lakini siwezi enda na hicho kitu kikinikwaruza kwa kichwa. Jumamosi nakuja na mkoba wangu kwa steshoni. Nikisikia mwisho tu, natoka hapo naenda steji ya matatu."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu amebeba mayai. Nikampigia Mwalimu nikamwambia yote, jiko, shukrani, yote. Nikasikia mpaka kuku wa kwake wakiwika.

"Kwa hivyo hujui mwisho," akasema.

"Sijui hata mwanzo wa mwisho."

"Na ukisema mwisho, Mama Shiro anaenda."

"Ndiyo."

"Basi usimalize," akasema.

Sikuwa na haki ya kumwambia mama wa watu abaki mji wenye umemchomea nyumba, na Mwalimu pia alijua hana. Sote tulijua vijana waliokuwa kwa barabara walikuwa wa upande wa kwao. Lakini bila yeye hicho kipindi kilikuwa mzee mmoja na mtu wa jenereta. Na zaidi ya hiyo, mimi nilitaka tu kumwona akiwa kwa kile kiti, ananiambia geuka.

Jumamosi ikafika. Mwalimu alifika kwanza, bila thamosi. Alikuwa amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ya kwao, ya kupokea mtu wa heshima. Akakiweka kwa meza mbele ya kiti cha Mama Shiro, akakipangusa na kitambaa, akakaa, akavua kofia. Mama Shiro akaingia. Akaweka mkoba kando ya mlango, umefungwa na kamba, umejaa mpaka shingo. Akaangalia Mwalimu. Mwalimu akaangalia meza. Mimi nikaangalia waya, kwa sababu waya ndizo nilikuwa nimesomea.

Halafu Mama Shiro akaketi, akakivuta kile kibuyu, akakinusa.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ya kunywa, ama tunaichambua?"

Mwalimu akacheka, halafu akaona hawezi kusimamisha hicho kicheko, akatoa kitambaa akakipeleka kwa macho. Tukakunywa. Mimi Mwalimu akanipimia kidogo, eti nisije nikachoma kibuyu. Kwa hivyo Mwalimu hakunifichia kila kitu, lakini Mama Shiro alidhani ni mzaha wake tu.

Tukaingia laivu. Mwalimu akaeleza mwanzo: Lagat anaamka, punda anakataa kuamka, maziwa yanamwagika, mke analalamika. Vizuri sana. Ikafika kwa Mama Shiro. Akasema, "Yangu ni ya huzuni tupu, na huzuni sisi tumeshiba. Sitaisema. Inaishia Lagat anafungua mlango, anaona. Barasa, sema chenye aliona."

Nikasogea kwa maiki, umbali wa ngumi moja, vile nilifundishwa. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu: yule daktari wa mifugo. Mtu hashukuru daktari wa mifugo bure. Kwa hivyo punda aliugua, daktari akaitwa, punda akapona. Nilikuwa nimepanga hiyo hesabu wiki nzima na ikatokea sawa, ya kwanza maishani.

"Akafungua mlango," nikasema, "akaona punda. Amesimama hapo nje. Masikio juu."

Mama Shiro akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka miwani ikaanguka. Mwalimu akampa maji, akakohoa ndani ya maji. Nilidhani ni moshi wa jenereta. Mwalimu akaangalia saa, kulikuwa kumebaki dakika ishirini, akasema, "Wasikilizaji, muda wetu umeisha," akaweka wimbo.

"Na punda alifanya nini?" Mama Shiro ananiuliza, anapangusa machozi.

"Hiyo ni Jumamosi ijayo."

Akaangalia mkoba wake kwa mlango. Akaangalia saa ya ukutani. "Basi wacha nikae hiyo wiki moja," akasema.

Jumamosi ijayo punda akaingia ndani ya nyumba akakataa kutoka. Ile nyingine akaenda kortini kutoa ushahidi. Simu zikaanza kuingia mpaka laini ikajaa. Kuna mama alipiga kutoka kwa mahema, akasema, "Huyo punda mwambieni apite huku, maji ni mbali." Wiki moja nilipungukiwa nikamfanya agombee ucouncillor. Nilipofika kwa kuhesabu kura Mwalimu alinikanyaga mguu kwa kiatu cha ngozi, na haraka sana tukamtoa punda kwa siasa, tukampeleka Kitale kuoa.

Kila Jumamosi mkoba ulikuwa kwa mlango. Mimi nilikuwa nautazama kuliko karatasi zangu. Jumamosi moja nikaona umepungua shingo. Kanisa lilikuwa limempatia cherehani ya kutumia. Nyingine nikaona kamba imefungwa kwa uvivu. Watoto walikuwa wamerudi shule. Halafu nikasikia amepata chumba Kapsoya, nyumba ya nne kutoka kwangu, na bado anakuja na mkoba, na bado ananiambia, "Ukimaliza tu, mimi huyo." Nilikuwa silali, nafikiria punda.

Jumamosi moja akaingia mikono mitupu. Nikaangalia mlangoni, nikaangalia nyuma yake, nikachungulia mpaka kwa ngazi.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Mkoba."

"Uko nyumbani. Nimeujaza nguo za wateja." Akaketi, akajimiminia mursik, akachukua wakati wake. "Barasa, nikuulize kitu. Wewe unajua katikati ya kile kitabu kuna nini?"

"Huzuni."

"Huzuni gani?"

Nikashika waya ya maiki.

"Punda alikufa," Mama Shiro akasema. "Alikufa vizuri kabisa. Kurasa nne nzima. Daktari wa mifugo alikuja akasema hakuna kitu anaweza kufanya, Lagat akachimba shimo, majirani wakaimba. Nilisomea watu hiyo mazishi mara tatu, wamama walilia mpaka wakaniomba niiruke. Halafu wewe unakuja kwa redio, Lagat anafungua mlango, anaona punda."

Mwalimu alikuwa ameinamisha uso kwa meza, mabega yanaruka.

"Kambi yote ilianguka chini kwa kicheko," Mama Shiro akaendelea. "Yule mzee wa jerikeni alitoka juu ya jerikeni. Hawakuwa wamecheka tangu wafike huko."

"Kwa hivyo ulijua," nikasema. "Tangu siku ya kwanza."

"Nilijua hujasoma hata herufi."

"Na hukusema."

"Niseme ndio ukome?" Akapiga midomo. "Nilitaka nione utamfikisha wapi."

Yule mzee mwandishi nilimpata baada ya muda mrefu, hapo sokoni, ananunua mbegu ya kitunguu. Nikamwomba msamaha juu ya jiko. Hakukasirika, aliuliza tu kama makaa yalishika vizuri. Nikamuuliza ile ya daktari wa mifugo. Akasema alimshukuru kwa kumweleza punda akifa huwa anakufa vipi. Basi nikamuuliza ile kubwa, Lagat alifungua mlango akaona nini. Mzee akafikiria, akakuna kidevu.

"Aliona mvua imeanza," akasema.

Nikakimbia nayo mpaka kwa Mama Shiro. Nilimpata kwa cherehani, nguo ya malkia wa drama imemfunika magoti, pini zimejaa mdomoni. Nikamwambia, mwisho wenyewe ndio huu, nimeutoa kwa mwenyewe, aliona mvua imeanza.

Akatoa pini moja moja, akazichoma kwa kitambaa.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akakanyaga cherehani, ikaanza kukimbia. "Jumamosi rudisha punda," akasema.